Mashine Inakumbuka, Usharika Usisahau: Tuliyojifunza kwa Miksa ya Kidijitali

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya vijana wanaojitolea kuhudumu kwenye mitambo ya sauti kutoka sharika za wilaya za Tarime na Serengeti, iliyofanyika Nyangoto, mkoani Mara. Tunaichapisha kwa ajili ya sharika nyingine zinazofikiria kununua mitambo mipya.



Napenda kuwashukuru wenyeji wetu wa Nyangoto kwa mapokezi, na ninyi mliotoka mbali. Najua wapo waliotoka upande wa Mugumu wakavuka Mto Mara alfajiri, na wapo waliolala njiani. Mungu awabariki.

Nimeombwa nizungumzie miksa ya kidijitali. Ombi hili lilitoka kwa wazee wa sharika tatu ambao, kila mmoja kwa wakati wake, walinipigia simu na kuniuliza swali lilelile: "Mratibu, tumechanga fedha. Tununue ile miksa mpya au tusinunue?" Sikutaka kujibu kwa simu. Miksa ya namna hiyo, yenye chaneli 16, tumekaa nayo hapa Nyangoto kwa miezi minne. Tumeitumia kwenye ibada, mikutano na semina. Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, maana sikuja kuuza bidhaa. Nimekuja kusema tuliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Kazi yangu ni miradi: visima, mbuzi wa maziwa, vikundi vya kuweka na kukopa. Lakini miksa nayo ni mradi. Ina fedha za watu ndani yake na ina watu wanaoitegemea. Na kama miradi yote, inaweza kufa siku mhusika mmoja akiondoka.

Kwa nini kanisa lishughulike na sauti

Mtume Paulo alipowaandikia Warumi aliiunganisha imani na kusikia. Na katika Nehemia sura ya 8 tunamwona Ezra akisimama juu ya mimbari ya mti iliyotengenezwa makusudi ili watu wote wamwone, huku Walawi wakisaidia kuwafahamisha watu kilichosomwa. Vijana wa mitambo, mkitaka kujua nafasi yenu katika Biblia, jiangalieni pale. Ninyi si watu wa kuchezea vitufe. Mmewekwa ili mtu wa nyuma kabisa apate neno lilelile alilolipata mtu wa mbele.

Kanisa letu nalo si geni katika kazi hii. KKKT iliundwa Juni 1963. Mwaka huohuo, mwezi Februari, redio ya Walutheri ya Sauti ya Injili ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, Ethiopia. Vipindi vya Kiswahili vilikuwa vikirekodiwa katika studio ya Moshi, kisha kanda zinasafirishwa Addis Ababa ili zirushwe hewani. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa redio ile. Mitambo mikubwa yote ikaenda. Lakini wale waliojifunza Moshi namna ya kurekodi, kukata kanda na kuandaa kipindi hawakutwaliwa na mtu. Hata leo jina la Sauti ya Injili linasikika Moshi kupitia redio ya kanisa letu. Naomba mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia mwishoni.

Mashine hii ni kitu gani

Miksa tuliyoizoea, ile ya zamani, inafanya kazi kama jiko la mama: kila chungu na figa lake. Kila kitufe kina kazi moja. Ukitaka kujua maiki ya mchungaji imefunguliwa kiasi gani, unaangalia tu kitufe chake.

Miksa ya kidijitali inaichukua sauti na kuigeuza kuwa namba. Kwa nyingi za siku hizi, kila sekunde moja ya sauti hupimwa mara 48,000. Namba zile ndizo zinazoongezwa, kupunguzwa na kuchanganywa, kisha zinageuzwa kuwa sauti tena na kupelekwa kwenye spika. Si teknolojia ya jana. Yamaha walitoa ProMix 01 mwaka 1994. Lakini kwa miaka mingi mashine za aina hii zilikuwa za kumbi kubwa na vituo vya redio. Mambo yalibadilika zaidi kuanzia 2012, Behringer walipotoa X32, na wengine nao wakaleta za kwao kwa bei ambayo usharika wa kawaida unaweza kuijadili kikaoni. Bado ni mamilioni ya shilingi, lakini ni mamilioni yanayoweza kuchangwa.

Yaliyotufurahisha

La kwanza ni kumbukumbu. Hapa Nyangoto Jumapili moja huwa na ibada mbili, kwaya tatu na mahubiri mawili. Kila kwaya ina mpangilio wake. Moja inaimba kwa kinanda na magitaa, nyingine inaimba kwa litungu na makofi. Kwa miksa ya zamani, kila kwaya ikibadilishana, kijana alianza upya huku watu wakimtazama. Kwa hii mpya, mpangilio wa kila kwaya unahifadhiwa kwa jina lake. Unabonyeza, na vile vijiti vya sauti vinajisukuma vyenyewe mpaka mahali pake. Siku ya kwanza watoto wa Shule ya Jumapili walisogea kutazama, na mama mmoja akauliza kama kuna mtu amejificha ndani.

La pili lilinigusa zaidi. Mnajua kanisa hili ni refu. Tuna spika mbili mbele na mbili nyuma, na kati yake ni kama mita 20. Kwa miaka mingi akina bibi wanaoketi nyuma walilalamika kwamba mahubiri yanasikika kama watu wawili wanasema kwa pamoja. Tulidhani ni masikio ya uzee, na tukawaongezea sauti. Ikawa mbaya zaidi.

Kumbe akina bibi walikuwa sahihi. Sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kutoka mbele hadi nyuma inachukua karibu sehemu 60 za elfu moja za sekunde. Lakini kupitia waya, neno lilelile linafika kwenye spika ya nyuma papo hapo. Kwa hiyo bibi analisikia neno kutoka spika iliyo karibu, kisha analisikia tena kutoka mbele. Miksa ya kidijitali inaweza kuichelewesha sauti ya spika za nyuma kwa kiasi hichohicho, ili zote mbili zifike pamoja. Kazi ile ilichukua dakika tano. Jumapili iliyofuata bibi mmoja alimwambia Mwinjilisti kwamba leo amehubiri vizuri kuliko siku zote. Mwinjilisti alikuwa amehubiri kama siku zote.

La tatu, unaweza kuitawala kwa kishikwambi. Vishikwambi mnavifahamu tangu Sensa ya 2022. Kijana anaondoka kwenye meza yake, anatembea mpaka nyuma, anaketi pale bibi alipo, na kurekebisha sauti akiwa anaisikia kama bibi anavyoisikia. Kama hamtakumbuka lolote katika mada hii, kumbukeni hilo. Hata mwenye miksa ya zamani anaweza kumwacha mwenzake mezani, akaenda nyuma na kumwonyesha kwa mkono.

La nne, kila chaneli ina namna yake ya kukata ngurumo za chini. Sauti ya mtu anayesema haihitaji mngurumo wa jenereta, kishindo cha miguu mimbarini wala upepo unaopiga maiki. Kwa maiki za kusemea tulikata kuanzia takriban hezi 100 kushuka chini, na maneno yakatakata. Aidha, umeme wa volti 48 unaohitajiwa na baadhi ya maiki za kwaya unawashwa kwa chaneli moja moja. Katika miksa nyingi ndogo za zamani kitufe ni kimoja kwa chaneli zote.

Yaliyotusumbua

Sasa niseme upande wa pili, maana hapo ndipo wauzaji hunyamaza.

Kwanza, kijiti kimoja kina kazi nyingi. Miksa yetu ina chaneli nyingi kuliko vijiti vinavyoonekana kwa mara moja. Kwa hiyo vijiti vina kurasa: ukurasa wa kwanza ni maiki, wa pili ni vyombo, wa tatu ni monita. Kijana anayedhani yuko ukurasa wa maiki kumbe yuko ukurasa wa vyombo atashusha kinanda akidhani anamshusha mchungaji. Ilitokea mara mbili mwezi wa kwanza. Mwenye miksa ya zamani akikosea, kosa analiona mezani. Kwa hii, kosa linaweza kuwa ukurasa mwingine.

Pili, umeme. Miksa ya zamani umeme ukikatika na kurudi, inaendelea kama haikutokea kitu. Hii ni kompyuta. Inazima, na ikiwashwa inahitaji muda wa kuamka. Yetu ilichukua kama nusu dakika. Nusu dakika ni kidogo nyumbani, lakini katikati ya mahubiri ni ndefu sana. Siku moja wanakwaya walianzisha pambio bila chombo chochote, nasi tukashukuru. Tangu hapo tukaiwekea UPS na stebilaiza. Tena haifai kuizima kwa kuchomoa kwenye soketi. Inazimwa kwa utaratibu wake kwanza. Na umeme wa jenereta usioshikwa vizuri ni adui wa vifaa hivi.

Tatu, vumbi. Hapa Nyangoto barabara zina malori, na mgodi hauko mbali. Vumbi likiingia kwenye vile vijiti vyenye mota, vinakwama. Kifuniko cha kitambaa kilichoshonwa na akina mama kimetusaidia kuliko dawa yoyote ya kusafishia.

Nne, ikizidiwa haisamehe. Taa nyekundu ikiwaka kwenye miksa ya zamani, sauti huanza kukwaruza kidogo kidogo. Kwenye hii ya namba, ikivuka kikomo inapasuka ghafla. Kwa hiyo kiasi cha kufungua maiki mwanzoni, kabla ya kijiti, lazima kipimwe huku mtu akisema kwa sauti atakayoitumia kweli, si kwa kunong'ona "moja mbili, moja mbili".

Siku tuliyonyamaza

La tano si la mashine. Ni letu, na hasa langu.

Miksa ilipofika nilitakiwa kupeleka watu kwenye mafunzo Musoma. Bajeti ilikuwa finyu, nikaidhinisha nauli ya mtu mmoja. Nilimchagua kijana hodari, mwenye akili nyepesi na moyo wa kujitolea. Alijifunza yote. Aliporudi alipanga kila kwaya, aliweka majina, aliweka na namba ya siri ili watoto wasivuruge. Kila mtu alimsifu, mimi nikiwa wa kwanza. Nikaandika katika ripoti yangu kwamba mafunzo yamefanyika. Na kweli yalikuwa yamefanyika, ndani ya kichwa kimoja.

Kisha kijana akapata kibarua cha zamu. Tulimshangilia, maana ajira ni baraka, na mama yake alikuwa amesubiri siku ile kwa miaka.

Jumamosi moja tulikuwa na semina hapa kanisani kuhusu ukeketaji. Ninyi nyote mnafahamu msimu wa Desemba katika maeneo yetu, na mnajua mabinti wanaokimbia nyumbani kwao. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria peke yake haijawahi kubadilisha moyo wa mzee. Siku hiyo alikubali kusema mama mmoja ambaye alikuwa ngariba kwa miaka mingi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watu. Kanisa lilijaa, wanaume wengi wamekaa nyuma na wengine wamesimama mlangoni.

Tukawasha miksa. Ikatuomba namba ya siri. Kijana alikuwa kazini, simu yake haipokelewi. Tulijaribu mwaka wa kuzaliwa, tukajaribu namba rahisi rahisi, tukaizima na kuiwasha. Mzee mmoja wa kanisa akakumbuka kwamba miksa ya zamani, ile ya chaneli 8, iko stoo chini ya magunia ya mahindi. Wakaenda kuitoa, kuifuta na kutafuta waya zake. Ilipopatikana sauti zilikuwa zimepita dakika 40.

Yule mama hakusubiri. Alisema kwamba akiketi tena hatapata nguvu ya kusimama. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, na sauti yake ni ndogo. Waliokaa mbele walimsikia, na wengine walilia. Waliokaa nyuma waliona midomo inatembea. Wakaanza kuulizana, kisha wakaanza kujibiana wenyewe. Jioni ile ilisambaa sokoni kwamba amelipwa fedha ili awatukane wazee. Hakuna aliyetukanwa na hakuna aliyelipwa. Ila wale waliosema hivyo hatukuwapa neno lake, basi wakatengeneza la kwao.

Ndugu zangu, mama yule alikaa nyumbani wiki mbili bila kwenda sokoni. Nilimtembelea. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Baba, ile mashine ya gharama ilikuwa inafanya nini pale mezani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali lile halijaniacha.

Tuliyobadilisha

Katika kazi ya visima tulijifunza somo hili zamani. Pampu ya mkono inakufa kwa kukosa mpira mdogo wa bei ya soda, kwa sababu aliyejua kuubadilisha alihama. Nililijua somo hilo la visima kwa miaka mingi, lakini sikujua kwamba linahusu pia miksa. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi tukaanza na daftari.

Daftari la Mitambo liko mezani, limefungwa kwa kamba. Limeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: namna ya kuwasha, namna ya kuzima, maiki gani iko chaneli gani, mpangilio wa kila kwaya uko namba ngapi. Kila Jumapili aliyehudumu anaandika kilichotokea, hata kama ni mluzi mmoja tu. Namba ya siri imeandikwa kwenye bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa Mchungaji na moja kwa mtunza hazina wa usharika.

Pili, hakuna anayehudumu peke yake. Kila Jumapili wanakaa wawili, mmoja anayejua na mmoja anayejifunza, na anayejifunza ndiye anayeshika vijiti. Sasa wanaojua ni watano. Yule kijana wetu, siku za mapumziko yake, ndiye mwalimu wao. Mmoja wa hao watano ni binti aliyepata Kipaimara mwaka jana. Baadhi ya wazee walisita. Nikawaambia wamsikilize kwa Jumapili mbili halafu tuzungumze. Hawakurudi kuzungumza.

Tatu, kila Alhamisi jioni kabla ya mazoezi ya kwaya wanafanya zoezi la mkosi. Mmoja anaharibu kitu kwa makusudi: anachomoa waya, anabadilisha ukurasa, anazima umeme. Mwenzake anatafuta kosa huku wengine wakihesabu dakika.

Nne, miksa ya zamani ilitoka chini ya mahindi. Iko pembeni ya mpya, imefutwa, na waya zake ziko tayari. Siku mpya ikigoma, ya zamani inasema.

Baada ya hayo tulimwomba mama yule arudi. Alifikiri siku tatu, akakubali. Safari hii binti wa Kipaimara ndiye aliyekuwa mezani. Alimpa maiki, akamwonyesha kuishika karibu na kidevu, akafunga maiki nyingine zote, kisha akachukua kishikwambi na kwenda kusimama mlangoni kati ya wanaume. Mama alisema kwa sauti yake ndogo ileile, na mlangoni ilisikika kama anasema nao uso kwa uso. Sitawaambia kwamba wote waliguswa. Wapo walioondoka wamekasirika. Lakini safari hii walikasirishwa na maneno yake mwenyewe, na mtu aliyesikia unaweza kurudi kuzungumza naye kesho. Wawili kati yao wamekwisha kuja.

Neno kuhusu ukubwa wa sauti

Kabla sijafika kwenye jibu, niseme jambo ambalo vijana hawalipendi. Kusikika si kupiga kelele. Maiki ziliyofunguliwa bila kazi ndizo zinazoleta mluzi: kila mnapozidisha maiki zilizo wazi mara mbili, mnapoteza desibeli 3 za nafasi mliyokuwa nayo kabla ya mluzi kuanza. Kwaya ya watu kumi haihitaji maiki kumi. Funga isiyosema.

Aidha, tuna majirani. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira, na haziwasamehi watu wa ibada kwa sababu wanaimba nyimbo za Mungu. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vyake vya mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha, limeweka ukomo wa wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Huo ni ukomo wa tamasha, si shabaha ya ibada. Watu wa hapa wanajua milipuko ya mgodi na ngurumo za malori. Wakija kanisani, tusiwaongezee. Miksa ya kidijitali ina kizuizi unachoweza kukiweka ili sauti isivuke kiwango hata mhubiri akipandwa na furaha. Kiwekeni, kisha mwandike kwenye daftari.

Tununue au tusinunue

Sasa nawajibu wazee wa sharika tatu, na wengine ambao hawakupiga simu.

Kama usharika wenu una maiki nne na kinanda kimoja, msinunue. Miksa ya zamani iliyo nzima inawatosha. Fedha mlizochanga nunueni kwanza maiki mbili nzuri za kusemea, waya imara, na mwiteni fundi aweke waya wa umeme wa ardhini sawasawa. Miksa yoyote, hata ya bei gani, haiwezi kutengeneza sauti iliyoharibika kwenye maiki mbovu.

Kama mna kwaya kadhaa, kanisa refu, na mikutano ya jamii inayowategemea, basi mashine hii ni msaada wa kweli, nami naipendekeza. Lakini kikao kisipitishe ununuzi kabla ya kujibu maswali haya matano. Je, ni watu gani watatu watakaofundishwa, na angalau mmoja wao ni mtu asiyetarajiwa kuhama karibuni? Je, UPS na stebilaiza vimo ndani ya bajeti ileile, au vimeachwa vya "baadaye"? Je, fundi wa kuitengeneza ikiharibika yuko Musoma, Mwanza au Dar es Salaam, na nani atalipa nauli? Je, daftari atalitunza nani? Na je, ikizima leo katikati ya mkutano, ndani ya dakika tano mtasema kwa kutumia nini?

Usharika ukishindwa kujibu swali la mwisho, usinunue kwanza.

Nilisema nitarudi kwenye Sauti ya Injili. Mwaka 1977 mitambo ya Addis Ababa ilitwaliwa kwa siku moja, lakini kazi haikufa, kwa sababu ujuzi ulikuwa kwa watu wengi na mahali pengine pia. Mashine yetu hii ina kumbukumbu nzuri. Inakumbuka kila kijiti kilikuwa wapi Jumapili iliyopita. Lakini haiwezi kukumbuka kwa niaba ya usharika. Hiyo ni kazi yenu ninyi mliokaa hapa, na ndiyo maana leo mchana hatutasikiliza mada nyingine. Tutagawanyika wawili wawili, kila mmoja ashike vijiti, na kila mmoja akosee hapa mbele ya wenzake ili asikosee siku mama fulani atakaposimama kusema jambo ambalo amelibeba moyoni miaka ishirini.

Daftari ziko mezani, kila usharika uchukue moja. Ukurasa wa kwanza andikeni majina matatu kabla hamjaondoka.